Pa, Ku na Mu: Nafasi, Mahali na Utambulisho katika Sanaa ya Lubumbashi

Utangulizi

Kiswahili kina njia tatu za kutaja mahali. Husemwa "mahali pale" kwa sehemu iliyo bayana, inayoweza kuonyeshwa kwa kidole. "Mahali kule" kwa upande au eneo lisilo na mipaka dhahiri. Na "mahali mle" kwa sehemu yenye ndani na nje. Katika Kiswahili cha Lubumbashi viambishi hivyo vimepata nguvu zaidi kutokana na ujirani wa lugha za Kiluba na Kibemba, kwani husimama mbele ya nomino kama maneno yanayojitegemea: mtu yuko ku kazi, yuko mu kambi, yuko pa nyumba. Ngeli hizo hazihusu sarufi peke yake. Zinabeba swali ambalo wakazi wa mji huo wameulizana tangu ulipoanzishwa mwaka wa 1910: nani ni wa hapa, nani ametoka kule, na nani amewekwa humo na mwingine?

Makala hii inalifuata swali hilo katika kazi za wachoraji na wapiga picha wa Katanga kuanzia mwaka wa 1926 hadi karne hii ya ishirini na moja. Hoja yake ni kwamba historia ya sanaa ya Lubumbashi haieleweki kama mfuatano wa mitindo tu. Ni historia ya watu waliopangiwa mahali pa kuishi na wengine, kisha, kizazi baada ya kizazi, wakajipatia uwezo wa kusema wenyewe mahali hapo ni pa nani. Wasanii wa leo wanaojulikana Venezia, Paris na Kassel hawakuanza na ardhi tupu. Wamerithi mjadala uliokuwa ukiendelea kwa Kiswahili, katika sebule za wafanyakazi, kabla wengi wao hawajazaliwa.

1. Ukuta na karatasi

Mwaka wa 1926 Georges Thiry, mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, alikuta huko Bukama, kwenye mto Lualaba, nyumba ambazo kuta zake zilikuwa zimepambwa kwa michoro ya watu na wanyama. Mmoja wa wachoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Thiry alimpa karatasi na rangi za maji ili achore juu yake mambo yale yale aliyoyachora ukutani. Mkewe, Antoinette Lubaki, alichora pia. Karatasi hizo zilipelekwa Ulaya, zikaonyeshwa Brussels mwaka wa 1929 na Geneva mwaka wa 1930.

Tendo hilo dogo lilikuwa na matokeo makubwa. Mchoro wa ukutani ni wa mahali pake. Unamhusu mwenye nyumba, unaonwa na wapita njia, na mvua za masika zikiuharibu huchorwa upya na mtu yule yule au na mwanawe. Karatasi ni kinyume chake: inadumu, inakunjwa, inasafirishwa, inauzwa kwa mtu asiyeijua nyumba wala kijiji. Hivyo mchoro ulipata maisha marefu na kupoteza mahali. Wajukuu wa wale waliopita mbele ya nyumba za Bukama hawakuachiwa ukuta wala karatasi. Karatasi zilipotokea tena mbele ya umma mkubwa, katika maonyesho ya sanaa ya Kongo yaliyoandaliwa na Fondation Cartier mwaka wa 2015, ilikuwa Paris.

Tangu mwanzo, basi, sanaa ya kisasa ya Katanga ilibeba fumbo ambalo halijafumbuliwa hadi leo: ili kazi itunzwe yapasa iondoke, na ikiondoka huacha pengo mahali ilipotoka.

2. Mji uliochorwa kwa rula

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906 ili kuchimba shaba. Reli kutoka kusini ilifika mwaka wa 1910, na katika mwaka huo huo mji wa Élisabethville ukaanzishwa, ukiwa umepimwa kwa barabara zilizonyooka na kukatana kama mistari ya daftari la hesabu. Mwaka wa 1911 tanuru la kuyeyushia shaba lilianza kazi kando ya mto Lubumbashi. Bomba lake la moshi na kilima cha takataka nyeusi za shaba vikawa alama ya mji hata kwa mtu asiyejua kusoma ramani.

Mji huo uligawanywa. Upande mmoja palikuwa na makazi ya Wazungu. Upande mwingine palikuwa na makazi ya Waafrika, kwanza komine ya Albert, ambayo leo ni Kamalondo, na baadaye nyingine kama Kenya, Katuba na Ruashi. Kati ya pande hizo mbili uliachwa ukanda mtupu wa ardhi wenye upana wa mamia ya mita, ulioitwa kwa Kifaransa "cordon sanitaire". Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya: ilidaiwa kwamba mbu aliyemuuma Mwafrika asingeweza kuruka umbali huo hadi kwa Mzungu. Kwa njia hiyo mdudu mdogo alifanywa mpima ardhi, na ubaguzi ukavaa koti jeupe la daktari.

Mbali na komine zilikuwapo kambi za kampuni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha polepole desturi ya kuajiri wanaume kwa muda mfupi na kuwarudisha makwao. Iliona faida kuwaweka pamoja na wake zao na watoto wao. Kampuni ilitoa nyumba, posho, shule na zahanati, na kwa kutoa vyote hivyo ikaamua pia saa ya kuamka, idadi ya wakazi katika chumba na mwenendo wa nyumbani. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, katika kitabu chake cha mwaka wa 2001 kuhusu "Bana Shaba", ameieleza kampuni hiyo kama baba, na wafanyakazi kama watoto ambao hatimaye baba huyo aliwatelekeza.

Watu wa kambi walitoka Kasai, kaskazini ya Katanga, Rhodesia ya Kaskazini, na hata Rwanda na Burundi. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Kwa wazazi kilikuwa lugha ya kazi. Kwa watoto waliozaliwa kambini kikawa lugha ya mama. Hapo ndipo utambulisho mpya ulipozaliwa, usiotegemea kabila wala kijiji cha asili. Mtu aliitwa mwana wa Shaba, yaani mtoto wa madini. Baada ya uhuru jina hilo lilipanda cheo: mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ya Mobutu iliubadilisha mkoa wa Katanga kuwa Shaba, jina lililodumu hadi mwaka wa 1997. Ni nadra duniani mkoa mzima kuitwa kwa jina la bidhaa yake.

3. Hangar, au pori lisilo na mji

Mwaka wa 1946 Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyekuwa afisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji Élisabethville, iliyojulikana kwa jina la Le Hangar. Humo walifanya kazi Pilipili Mulongoy, Mwenze Kibwanga, Bela na wengine. Mwalimu huyo hakutaka wanafunzi wake waige sanaa ya Ulaya. Aliwapa vifaa, akawaachia kila mmoja atafute mkono wake. Matokeo yalikuwa ya kupendeza sana: Mwenze alijaza turubai kwa mistari mifupi iliyosukwa kama mkeka, Bela alipaka rangi kwa ncha za vidole, Pilipili alichora samaki, ndege na nyoka waliozungukwa na nukta nyingi za majani na maji. Romain-Desfossés alipofariki mwaka wa 1954, kazi ya karakana iliingizwa katika chuo cha sanaa kilichokuwa kimeanzishwa mjini na Laurent Moonens mwaka wa 1951.

Mtazamaji akizipanga kazi hizo pamoja, jambo moja litamshangaza. Zilichorwa katika mji wa viwanda, miaka michache tu baada ya vita kuu iliyotegemea madini ya Katanga, na miaka mitano baada ya mgomo wa Desemba 1941 ambapo askari waliwapiga risasi na kuwaua makumi ya wafanyakazi wa Union Minière. Hata hivyo bomba la moshi halionekani sana. Hakuna kambi, hakuna king'ora, hakuna posho. Kuna pori, maji na wanyama. Ni ulimwengu wa ku: kule mbali, kule zamani, kule ambako Mwafrika alidhaniwa kuwa anatoka hata kama amezaliwa hatua chache kutoka tanuruni.

Lisingekuwa jambo la haki kuwalaumu wachoraji. Pilipili na Mwenze walikuwa mafundi wa kweli, na uhuru waliopewa wa kutafuta mkono wao ulikuwa nadra katika Kongo ya wakati huo. Lakini uhuru wa mkono haukuwa uhuru wa mada. Wanunuzi wa picha hizo walikuwa hasa Wazungu, nao walitaka Afrika isiyo na jasho la kiwandani. Ukanda ule mtupu uliotenga mji na komine ulikuwa umeingia hadi ndani ya turubai.

4. Ukumbusho sebuleni

Baada ya uhuru wa mwaka wa 1960, na hasa kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na katikati ya miaka ya 1970, ulitokea uchoraji wa aina nyingine. Wachoraji wengi hawakuwa wamepita chuoni. Walitumia turubai za magunia ya unga na rangi za kupakia nyumba, wakazunguka na picha mkononi kutoka baa hadi baa na mlango hadi mlango. Mnunuzi hakuwa tena mgeni aliyekuwa akielekea uwanja wa ndege. Alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, karani, mwalimu au mchuuzi, naye aliitundika picha sebuleni, juu ya viti, mahali ambapo kila mgeni angeiona.

Wataalamu Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, waliozichunguza picha hizo miaka ya 1970, walionyesha kwamba wakazi walikuwa na neno lao la kueleza thamani yake: ukumbusho. Picha nzuri ilikuwa ile inayomkumbusha mtu jambo na kumfanya aseme. Mada zenyewe zilipangwa kwa nyakati, si kwa mitindo: mambo ya mababu, mambo ya zamani za ukoloni, na mambo ya sasa.

Miongoni mwa mada hizo iliyosambaa mno ni Mamba Muntu, mwanamke mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu na nyoka, anayempa mtu mali kwa sharti la siri. Nyingine ilionyesha mtu aliyekwama mtini: majini mamba, ukingoni simba, tawini nyoka. Yenye uzito zaidi kwa historia iliitwa Colonie belge. Ndani ya ua wa gereza, mfungwa amelazwa chini, askari Mwafrika anamchapa kiboko, Mzungu mwenye kofia anasimamia, bendera inapepea juu, na mara nyingi wanawake wanaonekana wakilia au wakileta chakula.

Picha ya Colonie belge inastahili kutazamwa kama picha ya mahali. Ni mu kamili: ua wenye kuta, wenye ndani na nje, ambamo wote wana nafasi zilizowekwa tayari. Mzungu hapigi, anatazama tu. Anayepiga ni ndugu. Wanawake wamesimama mpakani. Mnunuzi wa mwaka wa 1973 alipoitundika sebuleni hakuwa akikumbuka yaliyopita peke yake. Alikuwa akiishi katika nyumba ya kampuni iliyobadili jina, chini ya utawala wenye bendera nyingine na askari wale wale. Hakuweza kulisema hilo hadharani, lakini picha ya ukoloni ilikuwa halali, na mgeni mwenye macho alielewa. Ndiyo maana sebule ilikuwa chuo cha historia kabla ya vyuo kuianza historia hiyo.

5. Tshibumba Kanda Matulu, mwanahistoria

Mwishoni mwa mwaka wa 1973 mchoraji mmoja alibisha hodi nyumbani kwa Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika kampasi ya Lubumbashi ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire. Alikuwa na picha za kuuza. Jina lake lilikuwa Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Élisabethville mwaka wa 1947, mwana wa wazazi waliotoka Kasai. Katika mazungumzo yao ilidhihirika kwamba hakujiona kuwa mpambaji wa sebule. Alijiona mwanahistoria, na alitaka kuichora historia yote ya nchi yake. Katika miezi iliyofuata, hadi mwaka wa 1974, alichora mfululizo wa picha zipatazo mia moja, kuanzia enzi za mababu hadi Zaire ya wakati wake na hata mambo yajayo. Alipozileta alizieleza moja moja kwa Kiswahili, na maelezo hayo yalirekodiwa.

Kwa wasomi wa Kiswahili jambo hilo ni la maana kubwa. Historia kamili ya Kongo, iliyotungwa na Mkongomani wa kawaida, ilisimuliwa katika Kiswahili cha Katanga, lugha ambayo wengi wakati huo waliidharau kama lugha ya soko na ya kambi. Lugha iliyoletwa ili amri za kazi zieleweke ilikuwa imekomaa kiasi cha kuibeba hukumu juu ya wenye amri. Fabian alichapisha kitabu juu ya kazi hiyo mwaka wa 1996, na matini ya Kiswahili ya mazungumzo hayo imewekwa katika hifadhi ya intaneti.

Tshibumba aligeuza ku kuwa pa. Mambo ya mbali aliyaweka mahali panapoonyeshwa kwa kidole. Alichora mgomo wa mwaka wa 1941 na kiongozi wa wafanyakazi, Léonard Mpoyi, akipigwa risasi, uwanja na umati wake ukiwapo. Alichora uasi wa Katanga uliotangazwa tarehe 11 Julai 1960 na kumalizika Januari 1963. Zaidi ya yote alimchora Patrice Lumumba, ambaye aliuawa karibu na Élisabethville tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Katika picha ya kifo hicho Lumumba amelala chini, nyuma yake imesimama misalaba mitatu, na damu inayotoka ubavuni inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Katika picha hiyo ardhi yenyewe imekuwa ukurasa. Mahali ambapo wauaji walijitahidi kufuta kila alama, hata maiti, mchoraji amepaandika upya.

Inafaa kukumbukwa kwamba mchoraji huyo wa umoja alikuwa mwana wa wahamiaji. Kasai ilikuwa kwao kwa baba. Katanga ilikuwa kwao kwa kuzaliwa na kwa lugha. Alipomchora Lumumba aliyemwaga damu juu ya udongo wa Katanga, alikuwa akitetea pia haki yake mwenyewe ya kusimama juu ya udongo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Mfululizo wa picha alizomchorea Fabian umehifadhiwa Amsterdam, katika makumbusho yaliyoitwa hapo awali Tropenmuseum.

6. Mwenyeji na mgeni: miaka ya 1990

Kile ambacho Tshibumba alikihofia kilitokea. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto uliporomoka, na uchumi wa Gécamines ukafuata. Kampuni iliyokuwa ikitoa takriban tani 470,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 haikufikia hata tani 50,000 katikati ya miaka ya 1990. Mishahara ilichelewa, posho ikakoma, shule na zahanati za kampuni zikachakaa.

Baba alipofilisika, watoto waligombana. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu kutoka Likasi, Kolwezi na miji mingine. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Katanga na hawakuwa wameiona Kasai kamwe. Walikaa majuma na miezi kwenye vituo vya reli wakingoja treni, na wengi walifia hapo au njiani. Reli ile ile iliyowaleta babu zao kama nguvu kazi iliwachukua wajukuu kama wageni. Neno "kwetu" lilivunjika vipande viwili: mahali mtu alipozaliwa, na mahali ambapo wengine walisema ametoka.

Kuporomoka huko kuliigusa pia sanaa. Mfanyakazi asiye na mshahara hanunui picha, na sebule zilizouzwa viti vyake hazikubakiza mapambo ya ukutani. Picha nyingi za ukumbusho zilichakaa au ziliuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Tangu mwaka wa 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, uliowashirikisha wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na Bogumil Jewsiewicki, ulianza kukusanya masimulizi, vitu vya nyumbani na picha za wakazi. Kazi hiyo ilikuja wakati wa lazima, kwani mwaka wa 2003 na 2004 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi Gécamines kwa malipo ya mara moja, na maisha ya kambi ya aina ile yakafikia tamati.

7. Picha: kizazi cha magofu

Kizazi kilichokua katika miaka hiyo ndicho kinachojulikana leo nje ya nchi. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, alianza kwa kupiga picha za majengo ya mji na ya viwanda. Katika mfululizo wake wa Mémoire, wa mwaka wa 2006, alichukua picha za zamani za kampuni, zenye wafanyakazi weusi na wakubwa wa Kizungu, akawakata watu hao na kuwasimamisha mbele ya mandhari ya sasa ya karakana zilizokufa na vilima vya taka. Watu ni weusi na weupe kama picha za zamani zilivyo. Magofu yana rangi. Mtazamaji haoni wakati uliopita ukiwa nyuma na wa sasa ukiwa mbele. Anaona nyakati mbili zimesimama mahali pamoja, moja ikiidai nyingine. Mwaka wa 2007 kazi zake zilitunukiwa zawadi katika maonyesho ya upigaji picha ya Bamako.

Mtu aliyezoea sebule za miaka ya 1970 ataitambua mbinu hiyo. Ni ukumbusho: picha inayomfanya mtu aseme. Tofauti ni kwamba Tshibumba alilazimika kuvumbua sura za matukio ambayo hakuna aliyeyapiga picha kwa niaba ya Waafrika, ilhali Baloji ameingia katika makabati ya mkoloni, akatoa humo picha zilizopigwa kwa ajili ya hesabu za kampuni, na kuzigeuza ushahidi.

Mwaka wa 2013 Baloji aliurudia ukanda mtupu wa mji. Katika kazi iitwayo Essay on Urban Planning, picha zilizopigwa kutoka angani, zinazoonyesha jinsi ukanda huo ungali unasomeka katika umbo la Lubumbashi, zimepangwa pamoja na picha za mbao za makumbusho zilizopachikwa nzi na mbu. Pamoja nazo ipo picha ya zamani inayokumbusha kampeni ambayo wafanyakazi walitakiwa kuleta nzi waliokufa kabla ya kupewa posho. Mdudu aliyeugawa mji amerudishwa mahakamani. Kazi hiyo ilionyeshwa mwaka wa 2015 Venezia, katika jengo la Ubelgiji, yaani ndani ya nyumba ya dola ile iliyouchora ukanda huo.

Wenzake wamefuata njia zao. Jean Katambayi Mukendi, aliyezaliwa mwaka wa 1974 na kusomea umeme, huunda mitambo ya makaratasi magumu, nyaya na vipande vya vifaa vilivyotupwa, na huchora taa kubwa mfano wa balbu. Fumbo lake linaeleweka na kila mkazi: shaba ya Katanga inapitisha umeme duniani kote, na nyumba za Katanga hukaa gizani. Georges Senga, aliyezaliwa mwaka wa 1983, alitunga mwaka wa 2012 mfululizo wa picha mbili mbili, za Lumumba na za mwalimu mmoja wa kawaida anayefanana naye kwa sura na mwenendo, akiuliza kama utambulisho wa marehemu unaweza kukaa katika mwili wa aliye hai. Kwa hiyo Lumumba, aliyekufa karibu na mji huo, hajaacha kuishi humo.

Mwaka wa 2008 Baloji, mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao waliunda chama kilichoandaa maonyesho ya kimataifa ya sanaa mjini Lubumbashi. Walikipa jina la Kiswahili: Picha. Maonyesho hayo yameendelea kila baada ya miaka miwili au mitatu, na yale ya mwaka wa 2022 yaliitwa ToxiCité, kwa kuunganisha mji na sumu ya migodi. Jambo la msingi ni kwamba kwa mara ya kwanza wageni walialikwa kuja kutazama pale pale, badala ya kazi kuondoka kwenda kutazamwa kule.

Hitimisho

Karibu karne moja imepita tangu michoro ya Bukama ihamishwe kutoka ukutani hadi karatasini. Katika muda huo wachoraji wa Katanga wamepita ngeli zote tatu za mahali. Karakana ya Hangar iliwaelekeza ku: kule porini, mbali na mji wanaoishi. Wachoraji wa sebuleni walionyesha mu: ndani ya ua, ndani ya gereza, ndani ya kambi. Tshibumba, na baada yake wapiga picha wa leo, wametafuta pa: hapa, mahali penye tarehe, majina na damu, ambapo mtu anaweza kusimama na kudai haki.

Lakini dai hilo halijakamilika. Picha za Tshibumba alizomchorea Fabian ziko Amsterdam. Karatasi za akina Lubaki zimetawanyika Ulaya. Kazi za Baloji zinaonekana kwa urahisi zaidi Brussels kuliko Katuba. Mwaka wa 2017, katika maonyesho ya documenta yaliyofanyika Athens na Kassel, kazi za Tshibumba na za Baloji zilionyeshwa katika mpango mmoja. Mkutano huo wa vizazi viwili vya mji mmoja ulifanyika maelfu ya kilomita kutoka mjini kwao.

Lipo pia suala la lugha. Majina ya kazi hizi ni ya Kifaransa au Kiingereza, na maandishi mengi ya kuzieleza vivyo hivyo. Hata hivyo fikra iliyozizaa ilitamkwa kwa Kiswahili: ukumbusho, mwana wa Shaba, Mamba Muntu, kwetu. Idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zimezoea kuwafundisha wanafunzi washairi wa Lamu na Mombasa, na ni vema. Zinayo pia matini ya Tshibumba, historia ya taifa iliyosimuliwa kwa Kiswahili cha nyumbani, ambayo bado inasomwa zaidi na wageni. Picha zenyewe si rahisi kurudishwa. Maneno yaliyosemwa juu yake yamo katika lugha ambayo wanafunzi wa Lubumbashi wanaizungumza kila siku, na kwa hayo hakuna anayehitaji kuombwa ruhusa.